Mkia wa Bomba

Sukuma wiki ya Mama Jalal ndiyo iliyoanza kulalamika. Mstari mmoja, ule wa karibu na ukuta, ulinyauka ukawa kama karatasi iliyofungiwa mandazi, huku mistari mingine ikinawiri kana kwamba haikumjua jirani yake. Jalal, mwanawe, akachukua jembe achimbe ajue kuna nini. Akakuta bomba. Sasa Jalal alikuwa na siku mbili kwenye seli ya polisi, na bomba lilikuwa limezungushiwa utepe wa njano kama bibi harusi anayeogopewa kuibwa.

Chepkemboi alipiga magoti mbele ya bomba hilo, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Usiliguse," alisema Inspekta Sitati. "Hiyo ni ushahidi."

"Siligusi, afande. Nalisalimia tu."

Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja kule Naivasha, kabla Chepkemboi hajaelezwa kwa lugha ya heshima kwamba polisi wangeweza kuendelea bila yeye. Polisi wakaendelea. Naye akaendelea, katika ofisi ya chumba kimoja mjini Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo, ambako wateja wake walifika wakiwa wameshashika harufu ya dawa ya kupe. Alikuwa ameachishwa kazi mara moja, ameachwa na mume mara moja na kugongwa na bodaboda mara mbili, na katika hayo yote alichopoteza kabisa ni mwavuli.

Kuluthum, mama yake Jalal, alisimama mlangoni pa jikoni, mikono imejificha ndani ya mtandio. Alikuwa amemwajiri Chepkemboi asubuhi hiyo kwa maneno machache: kesho wanampeleka mwanangu kortini, na ameshashauriwa akubali kosa.

"Nieleze kesi yako," Chepkemboi alimwambia Sitati. "Polepole, kama unamweleza mtu wa Njoro."

"Wewe ni mtu wa Njoro."

"Ndiyo maana."

Sitati alivuta pumzi. "Kule chini, ng'ambo ya hayo mahindi, inapita bomba kubwa ya mafuta. Kuna watu wameitoboa hapa Lanet, tunawatafuta tangu mwaka jana. Hapa nyuma ya nyumba kuna bomba. Inanuka petroli. Huyo Jalal ni mekanika. Unataka nikuchoree?"

"Chora. Nataka kuona mafuta yakipanda mlima."

Sitati aligeuka. Kiwanja kile kizima kiliinama kuelekea mahindi. Bomba kuu lilikuwa bondeni, ukuta ulikuwa juu, na kipande kilichofukuliwa na Jalal kilitokea upande wa ukuta.

"Ile ya chini ina presha, Chepke. Inasukuma mafuta mpaka Eldoret. Itashindwa na kashamba ka mahindi?"

"Umejibu vizuri. Nilikuwa nimeanza kuogopa umezeeka."

Chepkemboi aliomba chupa ya soda. Kuluthum akamletea moja tupu, wakaitia maji isijae, wakaifunga. Akafukua udongo kwa mkono mpaka bomba likaonekana urefu wa kitanda, kisha akailaza chupa juu ya chuma. Kiputo cha hewa ndani ya chupa kikasita kidogo, halafu kikakimbilia upande wa ukuta na kutulia huko.

"Kiputo hupenda juu," alisema. "Upande wa ukuta ndio ulioinuka. Huku ndiko chini. Kwa hiyo aliyelaza hili bomba alitaka kitu kitoke ukutani kije kumwagikia hapa. Unaangalia mkia, afande. Kichwa kiko ng'ambo."

"Au presha."

"Au presha. Niangazie hapa mdomoni."

Mdomo wa bomba ulikuwa umepindwa kama kiwiko, ukitazama chini. Sitati aliinama na tochi yake, kofia ikamwanguka kwenye sukuma. Ndani ya kile kiwiko kulikuwa na kitu cha kijani, chenye vitundu vidogo vidogo kama chujio la chai.

"Kutu," alisema Sitati.

"Kutu ya chuma ni nyekundu. Kijani ni shaba. Huo ni wavu wa shaba, na umechomelewa kwa mkono, taratibu, na mtu aliyependa kazi yake. Presha ya kwenda Eldoret ingeutanguliza huo wavu Eldoret." Chepkemboi aliinuka akijipangusa magoti. "Sasa niambie. Mwizi wa petroli anaweka wavu azuie nini? Mbu? Chura?"

"Watu wa hapa wanasema ni ya choo. Ya kupumulia."

"Choo hakimwogopi chura. Na yule wa vyuma vikuukuu wa pale barabarani anasema ni nguzo ya kamba ya nguo. Ameshamuuliza Mama Jalal kama inauzwa. Mtu hatilii wavu wa shaba kitu ambacho hana mpango wa kukinywa."

Sitati aliokota kofia yake. "Basi ni ya nini?"

"Sijui bado."

"Hakimu wa kesho hawezi kubali hiyo ya 'sijui bado'. Kijana akisema 'nimekubali', mimi nafunga faili."

"Aliyewapigia simu alisema nini?"

"Huwa hatusemi."

"Sikuuliza jina lake. Nimeuliza maneno yake."

Sitati aliipangusa kofia udongo. "Alisema kuna bomba nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, katikati ya sukuma."

Chepkemboi alimgeukia Kuluthum. "Mama Jalal. Kabla ya polisi kuja, nani alikuwa ameliona?"

"Jalal. Mimi. Na shemeji."

"Shemeji yupi?"

Kuluthum alielekeza ukutani kwa kidevu. "Obeid. Ndugu ya marehemu mume wangu, anakaa hapo mbele. Jalal alimwita amwonyeshe. Akasema lifunikeni, nitaleta fundi."

"Akaleta?"

"Polisi ndio walitangulia."

Kisha mlango mdogo wa mabati uliokuwa ukutani ukalia, na mwenye kutajwa akaingia, mzee mnene kiasi, kanzu safi, mkononi hotipoti ya chapati.

"Assalamu alaykum. Mmeshindaje? Kuluthum, kula kwanza. Mambo hayaishi kwa tumbo tupu." Aliiweka hotipoti kwenye kizingiti, akamtazama Chepkemboi. "Na huyu?"

"Mpelelezi," alisema Kuluthum. "Nimemwita mimi."

"Hakukuwa na haja. Nimeshamwekea kijana wakili. Na wakili ameshauri vizuri: akubali. Akikubali, hakimu atamhurumia. Akibisha, kesi itazunguka mpaka aote mvi."

"Ushauri mzuri kwa aliyekosa," alisema Chepkemboi. "Na yeye amekosa, mzee?"

"Mimi si Mungu. Vijana wa siku hizi, nani anajua?"

"Wewe umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu nikiwa mdogo. Baba alinunua nyumba hii kwa Mhindi, mwenye duka, Kanji. Alipofariki tukagawana. Mimi nikabaki na nyumba kubwa, ndugu yangu akapata huku nyuma, bustanini. Ukuta nilijenga mimi mwenyewe."

"Na hili bomba?"

"Ndiyo kwanza kuliona," alisema Obeid bila kuliangalia.

Chepkemboi alitabasamu. Alikuwa na meno ya kahawia, meusi kidogo kwenye ncha, na hakuwahi kuyaficha. "Nimesikia unaosha magari pale mbele. Langu limevaa matope ya Ndabibi tangu juzi."

"Lilete. Kwako ni bure."

"Mzee, usinitishe."

*

Nyumba ya Kanji ilikuwa imebaki na nguzo za veranda na mabati ya zamani mekundu. Mabawa yake mawili yalikumbatia ua mpana wa saruji, na ua huo ndio uliokuwa sasa car wash ya Obeid. Magari yalioshwa upande mmoja, mazulia upande wa pili. Chepkemboi aliegesha, akakaa kwenye benchi ya wateja, akaagiza chai, na kufanya ile kazi iliyomlisha miaka yote: kukaa kama mtu asiye na kazi.

"Sasa mathe," alisema mwanamume wa mabuti ya mpira aliyekuwa akisugua zulia. Jina lake, kama lilivyoandikwa kwenye aproni, lilikuwa Kipchirchir. "Tuoshe na injini?"

"Osha vyote isipokuwa mwenyewe."

Mazulia yaliyokwisha kuoshwa yaliangikwa juu ya vyuma virefu, yakichuruzika. Saba au nane hivi. Moja tu lilikuwa limetandazwa chini, karibu na katikati ya ua, rangi ya maziwa yaliyoganda. Chepkemboi alilitazama akinywa chai. Lilikuwa kavu. Lilikuwa na vumbi. Na katika ua uliojaa watu wenye mabuti ya maji wakipishana huku na huku, hapakuwa na alama hata moja ya buti juu yake. Walikuwa wakilizunguka, wote, bila kulitazama, kama watu wanavyozunguka shimo walilolizoea.

Mapipa ya sabuni yalikaa juu ya kijukwaa kidogo cha saruji, cha urefu wa kiuno, kilichochongwa maua ubavuni. Ni kazi nzuri mno kwa mapipa ya sabuni. Chepkemboi alilitia hilo akilini na kuendelea na chai.

Kisha likaja lori la tangi, ubavuni limeandikwa MAJI SAFI. Lilipovuka tuta la langoni lilirukaruka na kupiga kelele kama debe tupu. Likarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya magunia yaliyoninginizwa upande wa zulia lile, likazima injini. Obeid alitoka verandani, akasimama hapo mikono nyuma.

"Nyinyi hamna kisima?" Chepkemboi alimuuliza Kipchirchir.

"Tuko nayo. Ile pale, na pampu yake."

"Na lori linaleta mengine."

Kipchirchir aliangalia brashi yake. "Linaletanga."

Gari la Chepkemboi lilipokwisha kung'aa, lori likaondoka. Lilivuka tuta lile lile taratibu, springi zimelala, tairi zimebonyea, kama ng'ombe mwenye mimba anayevuka mtaro. Lori linaloleta maji huja limeshiba na kuondoka na njaa. Hili lilikuwa limefanya kinyume, tena mchana kweupe, na limeandikwa MAJI SAFI kwa herufi kubwa ili mtu asipate taabu ya kufikiri.

Kulijua hilo kulikuwa jambo moja. Lakini mafuta yanayotoka kwenye ua wa saruji lazima yawe yamekaa mahali, na polisi hawavunji saruji ya mtu kwa sababu ya springi za lori. Chepkemboi alihitaji mtu aliyeijua nyumba hiyo kabla ya saruji.

*

Mjukuu wa kike wa mwisho wa Kanji alikuwa bado Nakuru, Milimani, katika nyumba yenye mbwa wawili wanene na kengele isiyolia. Kanchan alikuwa ameuza vitambaa mjini maisha yake yote, na alimpima Chepkemboi kwa jicho la mtu anayejua blauzi yake ilitoka mtumba wa wapi.

"Umekuja kuuliza nyumba yetu ya Lanet," alisema. "Kila baada ya miaka mtu anakuja. Wanataka kujua kama babu alizika dhahabu."

"Alizika?"

"Angezika, mimi ningekuwa hapa nafukuza nyani kwa jikoni? Ningekuwa London."

Akacheka. Na hapo Chepkemboi akasahau swali alilokuwa amekuja nalo, akauliza jingine.

"Mama Kanchan, nisamehe, hili ni swali la kukosa adabu. Hayo meno ni yako?"

Kanchan aliacha kucheka. "Ya nani tena?"

"Ulizaliwa Lanet?"

"Chumba cha nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha, wanasema mkunga alifika amelowa."

"Ukakulia huko?"

"Mpaka nilipoolewa. Kwa nini?"

Chepkemboi alifunua midomo, akamwonyesha yake yote, juu na chini. "Mimi nimekulia Njoro, maji ya kisima. Yana ile floraidi inayochora meno ya mtoto kabla hayajatoka. Nakuru, Njoro, Gilgil, Naivasha, sote tumechorwa. Ukiona mtu wa rika letu wa sehemu hizi ana meno meupe, ama ameyanunua, ama ni mgeni, ama alikunywa maji mengine. Hukuyanunua. Si mgeni. Nyumba yenu ina kisima. Sasa mlikunywa nini?"

Kanchan akaita chai iletwe na biskuti, zile nzuri.

"Mvua," alisema. "Tulikunywa mvua. Babu alitoka Porbandar. Kule maji ya ardhini ni chumvi, kila nyumba ina tangi chini ya ua, sisi tunaita tanku. Alipofika hapa akaona watoto wa majirani wana meno rangi ya kutu, akasema hapana, wajukuu wangu hawatapata wachumba. Akachimba ua wote. Kubwa kama chumba. Akapaka chokaa ndani. Maji yalitoka kwa paa. Mvua ya kwanza ya msimu tuliiacha imwagike, ioshe mavi ya ndege. Ya pili ndiyo tulifungulia iingie."

"Na mvua ikizidi, tangi likijaa?"

"Si lilikuwa na bomba la kutolea. Linaenda bustanini, nyuma, linamwagilia mapera. Babu aliliwekea wavu wa shaba mwisho, kwa sababu ya nyanya. Nyanya alisema siku chura akiingia mle, yeye atakunywa maziwa mpaka afe."

Chepkemboi alitoa simu, akamwonyesha picha. Kanchan aliisogeza mpaka ikakaribia pua.

"Lipo," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani wameshaliuza. Mbona udongo umekuwa mweusi?"

"Kuna mtu ametia petroli kwenye tangi lenu, likajaa, likamwagika. Na kuna kijana yuko seli kwa sababu hiyo. Hakujua hata kama kuna tangi. Kifuniko kilikuwa wapi, mama?"

"Uani. Nyanya alikuwa na mrihani wake mtakatifu juu ya kijukwaa cha saruji, kimechongwa maua. Kila asubuhi anamwagilia, anaomba, anageuka, hatua tatu, anafungua kifuniko anachota ya chai. Hata kama umenifunga macho nitakupeleka."

Chepkemboi aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Una zulia chafu?"

"Nina zulia safi kabisa."

"Si neno. Tutalichafua njiani."

*

"Sina kibali cha kupekua," Sitati alisema kwenye simu.

"Huhitaji kibali cha kuoshewa zulia."

Alifika akiwa amevaa nguo za raia, zilizomfanya afanane na mwalimu wa hesabu aliyepotelewa na darasa. Askari wake wawili walibaki kwenye gari, nje ya lango. Sitati alibeba zulia la Kanchan begani, jekundu, zito, akatangulia kuingia huku jasho likimtoka.

"Hii mko nayo ni mzigo ya mtu mmoja kweli?" aliuliza Kipchirchir akimpokea.

"Ni ya watu wawili," alisema Sitati. "Mwingine anatoa ushauri."

Kanchan hakuwa akiwasikiliza. Alitazama mabati, nguzo, madirisha, kila kimoja kwa zamu, kama mtu anayeitikia salamu. Obeid alikuwa amekaa verandani akisoma simu yake. Alimwona Chepkemboi, akapunga mkono.

"Nataka liwe limekauka kesho," Kanchan alimwambia Kipchirchir.

"Hakuna shida, mathe. Tukimaliza tunaanika pale."

"Usilianike. Litavutika. Litandaze chini, kama lile."

Kipchirchir alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeipenda kazi yake. "Hapana mathe, zulia haitandazwangi chini. Ikilala, maji inabaki ndani, inaoza, inanuka. Hiyo hata mtu wa kuanza kazi leo hawezi fanya."

"Na lile limelala tangu lini?"

Kipchirchir aliliangalia zulia la rangi ya maziwa, kisha akaangalia verandani.

"Hiyo nilikuta hapo," alisema.

Obeid alikuwa ameshasimama. "Mama, hilo ni la mteja."

"Mteja gani?" aliuliza Sitati, akilitua zulia lake.

Ilimchukua Obeid muda kidogo kuutambua uso ule bila kofia. Mkono wake ulirudi mfukoni pamoja na simu, ukakaa huko.

Kanchan alikwenda kwenye kijukwaa, akasogeza pipa moja la sabuni, akaweka kiganja juu ya maua yaliyochongwa. Akageuka. Hatua tatu. Viatu vyake vilikanyaga ukingo wa zulia lile kavu, vikasimama.

"Hapa," alisema.

"Kabla hujainua, afande," alisema Chepkemboi, "mwambie yule mteja mwenye gari la Probox azime sigara yake. Akishazima, aende akanunue nyingine mbali."

Sitati alilikunja zulia kwa mguu. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha chuma, kizee, chenye pete ya kuinulia. Pembeni kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, mkato bado unang'aa, na mpira mweusi wa plastiki ulipita hapo ukashuka ndani. Mwisho wake mwingine ulizama kwenye mtaro wa maji machafu unaoteremka kuelekea mahindini, liliko bomba kuu. Harufu ilipanda mpaka Kipchirchir akarudi nyuma.

"Hili tangi ulilijua tangu utotoni," Chepkemboi alimwambia Obeid. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsimulia mwenzake matokeo ya mpira. "Baba yako alilijua. Ambacho hakuna aliyewaambia ni kwamba mzee Kanji hakujenga tangi lisilo na pa kumwagia. Ukajaza, ukajaza, mpaka likamkojolea shemeji yako kwenye sukuma. Jalal alipokuonyesha bomba, ungenyamaza tu, sote tungebishana kuhusu choo mpaka leo. Ukaogopa. Ukapiga simu."

"Hujui nani alipiga."

"Sijui," alikiri Chepkemboi. "Afande atachukua hiyo simu unayoifinya mfukoni, atajua."

Sitati alinyoosha mkono. Simu ikatoka. Askari wawili walikuwa wameshaingia langoni.

Mlango wa mabati wa ukutani ulikuwa wazi. Kuluthum alisimama hapo, mtandio umemteleza begani, na kwa jinsi alivyosimama ilionekana alikuwapo kwa muda.

"Kuluthum," alisema Obeid. Alisahau polisi wote, akamwelekea yeye. "Haya ni mambo ya nyumbani. Tukae, tuyamalize sisi wenyewe. Nilitaka ipite tu. Kijana angefungwa kidogo, ningemtoa. Wakili nimemwekea mimi. Chakula nimeleta mimi."

"Umeleta," alisema Kuluthum. "Nimekula chapati zako nikikuombea dua."

"Basi waambie. Wewe ukisema tumesameheana, watasikia."

Kuluthum alimgeukia Sitati. "Yule aliyepiga simu. Alisema bomba tu, au alimtaja mwanangu?"

Sitati aliitazama ile simu mkononi mwake. "Alimtaja. Alisema Jalal Abdirahman."

"Jina la baba yake pia."

"Ndiyo, mama. Jina yote."

Kuluthum aliuvuta mtandio wake, akaurudisha kichwani, akaufunga vizuri, upande mmoja kisha wa pili. Obeid alisubiri. Hata Kipchirchir alisubiri, brashi mkononi, maji yakimchuruzikia buti.

"Ulimtaja ndugu yako aliyelala kaburini ili polisi wasikosee mlango," Kuluthum alimwambia. "Ya nyumbani hayaanzii stesheni, shemeji. Afande, mpeleke."

*

Karatasi za kumwachilia mtu huchukua muda mrefu kuliko za kumkamata. Kalamu ya kaunta ilikuwa imeisha wino, ikatafutwa nyingine. Chepkemboi na Kuluthum walikaa kwenye benchi chini ya tangazo la rungu lililopotea. Kanchan alikuwa amekataa kurudishwa Milimani. Alikaa kati yao, mgongo umenyooka, akiwauliza askari wanaopita ni wa wapi huku akiyatazama meno yao.

Kelele za gari zilisikika nyuma ya jengo, kwenye lango la kuingizia washukiwa. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Kisha mlango wa mbele ukafunguka, na Jalal akatoka, ameshika mkanda na kamba za viatu mkononi, macho yakibanwa na mwanga wa jioni.

Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kulia na kushoto, akatafuta kidonda, hakukiona.

"Wameniambia niende tu," alisema Jalal. "Hawajasema kwa nini. Mama, Ami Obeid yuko wapi? Aliniambia atakuwa hapa nikitoka. Nataka kumshukuru."

Chepkemboi, aliyekuwa na la kusema kwa kila mtu tangu asubuhi, aliinama akaanza kutafuta ufunguo wa gari ambao ulikuwa tayari mkononi mwake.

Kuluthum aliuchukua mkanda na kamba kutoka mkononi mwa mwanawe, akavitia mkobani.

"Mmepishana, mwanangu," alisema. "Twende."